Maji ya mganga wako yanatoka wapi?

Mkuu, usipeleke kitu kwa mchapaji. Umesema unatunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Ugogo ya zamani yenye waganga na treni za mvuke, na mganga wako "anaweza kuendesha mashine yoyote kwa nguvu zake". Sentensi kama hiyo ilinila laki saba.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910. Kwenye mchezo wangu mimi nilichukua kipande cha Kilosa hadi Dodoma. Nchi kavu ile, na kichwa cha mvuke kinakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi: mvuke ukishasukuma pistoni unatokea kwenye dohani, haurudi. Ndiyo maana stesheni ziliwekwa matangi. Mchezo mzima niliujenga juu ya kiu hiyo, wachezaji wapatane na wanavijiji, waamue mzigo upi washushe njiani. Halafu nikampa mganga mawe ya kuita mvua, kama waliyokuwa nayo watemi wa Kigogo, bila kuandika yanamgharimu nini.

Jumamosi ya kwanza kuucheza, Area C hapa Dodoma. Dada aliyecheza kama mganga akarusha dadu, ikaja sita, akasema, "Najaza tangi." Hata Gulwe hatujafika! Jamaa aliyecheza kama fundi mitambo, aliyetumia nusu saa kujaza karatasi ya mhusika wake, akauliza, "Sasa mimi nina kazi gani?" Akaigeuza karatasi kifudifudi, akatoa simu.

Na nakala 80 zilikuwa zimeshatoka, 9,000 kila moja, 720,000 yote. Nilichapa mapema kwa sababu kuna bwana alijiita mtaalamu wa michezo, nikamlipa apitie kanuni, akaniambia uchawi ukiwekewa mipaka wachezaji wanachoka, chapa tu. Hakuwahi kuucheza hata mara moja. Huo ni wizi, na sioni jina jingine la kuupa. Unachukuaje hela ya mtu aliyekesha miezi minane, kwa kazi ambayo hukuifanya?

Mganga asifanye kazi ya mashine bure. Shika hilo, mengine utayarekebisha. Kwangu sasa kila debe linaloingia tangini limetoka kisima cha kijiji fulani, na mwongoza mchezo anakifuta kisima hicho kwenye ramani kwa penseli, debe kwa debe, watu wakiona. Juzi walibishana dakika arobaini kama wakikaushe kisima cha Kikombo ili dawa ziwahi Dodoma. Dada anayecheza mganga alikataa kugusa dadu. Fundi ndiye aliyewatoa: wakate mabehewa mawili ya nyuma, maji yaliyobaki yatatosha. Chai ilipoa mezani, hakuna aliyeigusa.

Uliuliza pia habari za dadu za pande ngapi, sijui na ramani. Hayo tutaongea. Kwanza niandikie hapa: mganga wako akijaza lile tangi, nani analala na kiu?