Mafua Gani Haya Yanayokujia Ukikosa Pesa?

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mpiga fidla, miaka 34, naishi Mjini Unguja. Jioni napiga na bendi kwenye mahoteli ya Nungwi na Kendwa, na zikija harusi napiga taarabu. Mke wangu ameondoka na watoto wetu wawili, amekwenda kwao Kengeja, Pemba, na ameondoka na fidla yangu. Ukitoa nguo zao, hakuchukua kitu chengine. Anasema sababu ni ulevi. Mimi nakunywa bia mbili tatu kazini, na kwenye kazi yetu nani asiyekunywa? Hata Bi Kidude alivuta na kunywa, na aliishi mpaka uzeeni. Mama mkwe ndiye anayemtia maneno. Kweli mwaka huu nimekuwa mgonjwamgonjwa: masika yote mafua na viungo, Ramadhani sikuweza kufunga kwa tumbo. Badala ya kuniuguza amenikimbia. Cherehani chake nilikiweka rehani kwa ajili ya matibabu, nitakikomboa. Mama yangu aliniozesha haraka mwaka 2019 ili nitulie, na nimetulia. Nataka nende kwa Kadhi arejeshwe yeye na fidla. Nianzie wapi?*

Waalaikum salaam, mwanangu. Nyumba iliyokuwa na watoto ikinyamaza ghafla inatisha, na kwa hilo nakupa pole. Sasa tuisome barua yako pamoja, maana umeandika mengi kuliko ulivyokusudia.

Tuanze na mafua. Masika, mahoteli ya kaskazini mengine hufunga na mengine hubaki na wageni wa kuhesabu. Bendi husimamishwa, mfuko ukakauka. Ramadhani taarabu hunyamaza, harusi hakuna. Nyakati mbili za mwaka ambazo mwanamuziki wa Unguja hana shilingi, ndizo hizo hizo mbili ulizougua. Mafua gani haya yanayokujia ukikosa pesa? Wacha nikutajie dalili zake ambazo hukuziandika: pua inachuruzika, miayo haikwishi, vinyweleo vimesimama na jua linawaka, viungo vinauma kama umetwangwa kwenye kinu, tumbo linaendesha, usiku hulali. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Vijana wa maskani wanalijua jina lake na wewe unalijua: arosto.

Bia mbili tatu hazimfanyi mtu hivyo. Unakula unga, yaani heroini, mwanangu. Pengine unauchanganya na bangi kwenye msokoto, ukajiambia kwamba mateja ni wale wanaojidunga na wewe si mmoja wao. Unga ni ule ule, na mwili haujali umeingia kwa mlango gani.

Nije kwa mkeo. Ile sentensi ya kwamba hakuchukua kitu chengine nimeirudia mara tatu. Mwanamke anayeondoka kwa hasira hubeba dhahabu yake, masufuria yake, godoro alilopewa na mama yake, na kama ana nguvu hung'oa na pazia. Huyu ana watoto wawili wa kuwashika kwenye meli mpaka Mkoani, kisha gari ya shamba mpaka Kengeja, na mkono uliobaki ameubebesha sanduku la fidla. Hajui kuipiga. Hataiuza, angetaka kuiuza angeiuza hapa hapa Mjini. Basi kwa nini aibebe?

Kwa sababu cherehani kilikwishatoka. Alikaa akapiga hesabu: baada ya cherehani, ndani ya nyumba hii kimebaki kitu gani chenye bei? Akakiona kimetundikwa ukutani. Amekuwekea. Angekuwa anakuchukia angeiacha, ungeiuza kabla ya Ijumaa, na leo usingekuwa na fidla ya kuidai kwa Kadhi. Mimi niko upande wake, na nakwambia waziwazi. Na huyo mama mkwe unayemlaumu, aliyepokea vinywa vitatu vya kulisha bila ya kukutoza senti, naye niko upande wake.

Kuhusu Kadhi, fikiri mara mbili. Swali la kwanza utakaloulizwa ni matumizi: mkeo na wanao wamekula kwa mkono wa nani miezi hii? Na yeye anaweza kusimama pale pale akaomba ndoa ivunjwe. Ana hoja kukushinda.

Sasa nimguse mama yako, naye anisamehe, ni mtu mzima mwenzangu. Ndoa ya haraka 2019 ili utulie. Utulie kutoka wapi? Mama anayeharakisha namna hiyo ameona kitu. Aliona, akaogopa, akafanya wanavyofanya wengi hapa Visiwani: muozesheni, atapata akili. Wanaume wakaenda kuposa, wakatuliza mioyo ya watu wa Pemba kwa maneno mazuri, na hakuna aliyewaambia bwana harusi ana maradhi. Wallahi hii ni dhulma, na tunaifanya huku tumevaa kanzu na mabuibui yetu ya sherehe. Mtoto wa mtu anatolewa kwao hajui chochote, anafanywa dawa. Ikishindikana tunamwita tena tumuusie subira, tunamwambia nyumba ni kusitiri. Somo wake alimfunza kumsitiri mume. Kusitiri ni kwa aibu ya mtu, mwanamume hana nguvu, au hana pesa, au analia usiku. Maradhi yanayoua hayasitiriwi. Ndoa nyingi za siku hizi naziona zimesimama juu ya siri ambazo ukoo mzima wa mume unazijua isipokuwa mke, na yeye ndiye anayeambiwa amevunja nyumba siku anayofungua mdomo.

Nimewahi kuona kusitiri kunavyofanya kazi. Nilikuwa harusini, nimekaa mbele, karibu na wapigaji. Kijana wa fidla ameegemeza shavu kwenye fidla, macho amefumba, nikasema masikini, kazama kwenye wimbo. Mara upinde ukateleza ukabaki unaning'inia kwenye vidole, na yeye hakuamka. Alikuwa amelala, huku mkono mwengine unajikuna shingo polepole. Wenzake walifanya nini? Wa akodiani akaongeza sauti. Wa dumbaki akaongeza. Wakamfunika, watu wakaendelea kutunza, bibi harusi hakujua. Walimpenda, nao walikuwa wakimfunika hivyo kwa miaka. Baadaye kijana huyo alikaa jela miezi kadhaa, huko hakupata unga. Alipotoka akatumia kipimo chake cha zamani, na mwili ulikwishakisahau. Pumzi zilikwenda zikipungua mpaka zikasimama. Bendi nzima ilikuja mazikoni, na hapana aliyeweza kumtazama mama yake.

Kwa hiyo usiniambie nani asiyekunywa kwenye kazi yenu. Vikundi vya taarabu si vya jana, Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na mambo ya usiku wa taarabu nimeyajua kabla hujazaliwa. Najua hoteli nyengine inamlipa mpigaji nusu pesa nusu bia. Najua mgeni akifurahi anatuma chupa jukwaani, si sahani ya chakula. Najua unashuka jukwaani saa nane za usiku mwili umechangamka, usingizi hauji, na pale nyuma yupo wa kukuuzia kete moja ya unga ya kukutuliza. Hayo ni ya kweli na yanawaua vijana wetu, na mwenye hoteli anayelipa wanamuziki kwa pombe nataka asome hapa. Lakini fidla haikukutia unga mkononi. Na Bi Kidude mwache alale, amefariki tangu Aprili 2013. Sigara yake usiifanye kivuli cha kete zako. Ukitaka kumtaja mwanamuziki, mtaje Ray C, aliyesema mbele ya nchi nzima kwamba unga umemwangusha, akatibiwa kwa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Mjini. Kliniki ya methadoni ipo pale tangu 2015 na ni bure. Watakupima kwanza, pamoja na ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, kisha wakiona inakufaa utakunywa dawa ya maji kila siku mbele ya muuguzi. Inakaa mwilini siku nzima na zaidi, arosto inanyamaza, na jioni unaweza kwenda kazini kama watu wengine. Hutalewa nayo wakikupa kipimo chako. Ila waambie ukweli wote, na bia zako uzihesabu vizuri, kwa sababu methadoni na pombe zikikutana zinazima pumzi. Na kama umefika pa kunywa tangu asubuhi ili mikono isitetemeke, usiiache pombe kwa ghafla peke yako chumbani. Mtu huanguka kifafa, na wengine hufa. Dakta ndiye wa kukushusha. Baadaye zipo nyumba za upataji nafuu, hizi watu wanaziita soba, na utawakuta ndani yake watu waliokula unga miaka mingi kuliko wewe. Hao hawatakuongezea sauti ukisinzia.

Kingine, mwendee mama yako umwambie unakwenda wapi na kwa nini. Atalia. Mwache alie, alitakiwa alie 2019.

Halafu mpigie mkeo. Usimwambie arudi, usimtaje mama yake, usimuulize watoto wamekukumbuka. Mwambie ni unga, tangu lini, na asubuhi ngapi umekwenda Kidongo Chekundu. Akinyamaza, nawe nyamaza, usikate simu. Na ukibaki na neno la kusema juu ya fidla, mwambie tu alegeze nywele za upinde, zisikae zimekazwa.