Bluzi na Roki Barazani: Mnauliza, Tunajibu

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini na visiwani, na karibu zote zina kiu moja. Mtu anapenda bluzi au roki, anataka wenzake waipende, lakini akiwapigia hawasikii kile anachosikia yeye. Tunaanza na barua iliyodai jibu refu.

Habari za kazi, wahariri. Jumapili jioni hukutana na wenzangu sita hapa Nyegezi kusikiliza muziki. Nikiwapigia bluzi wanasema nyimbo zote ni moja, na zote ni za kulia. Flashi yangu ina nyimbo zaidi ya mia tatu. Nianze na zipi?
*Msomaji, Nyegezi*

Chagua sita tu, flashi ya mia tatu iache nyumbani. Nyimbo sita za dakika tatu hadi tano hazizidi nusu saa, na kwa mtu anayeanza hiyo inatosha, maana sikio lake bado halijajua lishike wapi.

Wenzako wana haki kusema zinafanana. Sehemu kubwa ya bluzi imejengwa juu ya mzunguko mmoja wa vipande 12, kila kipande mapigo manne, jumla mapigo 48. Gitaa likianzia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya A, vipande vinne vya kwanza ni A, viwili D, viwili A tena, kimoja E, kimoja D, viwili vya mwisho A, halafu mzunguko unaanza upya. Maneno nayo yana mpango wake: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu. Waeleze hivyo kabla hujawasha, na mzunguko wa kwanza hesabuni pamoja kwa vidole. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika humaliza mzunguko kwa sekunde 32. Mtu akishaujua mzunguko, haungoji tena wimbo ubadilike. Anaanza kusikia vinavyobadilika ndani yake: sauti inavyokwaruza, gitaa linavyovuta noti, ngoma zinavyokaa nyuma kidogo ya pigo.

Sasa mpangilio. Usianze na rekodi za kale. Wapenzi wengi wa bluzi hukimbilia kumpiga Robert Johnson kwa heshima yake, lakini alirekodi mwaka 1936 na 1937, mtu na gitaa lake tu, na mkwaruzo wa santuri juu yake. Mgeni husikia mkwaruzo kwanza. Anza na B.B. King, "The Thrill Is Gone" ya 1969. Rekodi ni safi, inakwenda taratibu, na gitaa lake linajibu kila anachoimba. Watu waliokulia kwenye seben za Kikongo wanalijua tayari gitaa linalosema, kwa hiyo mlango huu ni mpana kwao. Waambie pia kwamba B.B. King alipiga Kinshasa mwaka 1974.

Wa pili uwe Muddy Waters, "Hoochie Coochie Man" ya 1954, iliyotungwa na Willie Dixon. Hapa bendi nzima inapiga, inanyamaza, mwimbaji anasema neno lake peke yake, bendi inarudi. Waambie wasikilize kile kimya. Mzunguko wake ni wa vipande 16, kwa hiyo kama mlishahesabu 12, kuna atakayeruka kusema umepotea, na huo ni ushahidi kwamba anasikiliza. Tena wimbo huu ni majigambo matupu, na hoja ya kwamba bluzi ni kilio inaishia hapo.

Wa tatu ni John Lee Hooker, "Boogie Chillen'" ya 1948. Kodi ni moja mwanzo hadi mwisho, na vyombo ni gitaa, sauti na mguu unaokanyaga sakafu. Mara tu ukiisha, piga wimbo wa Ali Farka Touré wa Mali, kwa mfano kutoka albamu aliyofanya na Ry Cooder mwaka 1994. Usiseme neno kati ya nyimbo hizo mbili. Kama kuna wazee walioimba na kuitikia shambani kwenye bugobogobo, jembe mkononi, waulize wamesikia nini. Majibu yao yatafaa kuliko maelezo yetu.

Mbili za mwisho ziwe jozi ya kuwavusha kwenda roki: "I Can't Quit You Baby" ya Otis Rush, 1956, kisha wimbo huohuo ulivyopigwa na bendi ya roki ya Led Zeppelin kwenye albamu yao ya kwanza, 1969. Maneno ni yaleyale. Ngoma ndizo zilizokuwa nzito, na gitaa limepewa nafasi ndefu zaidi. Jozi za namna hii ndiyo njia bora tunayoijua ya kumfundisha mtu kusikiliza. Wiki ya pili chukua "Hound Dog", kwanza ya Big Mama Thornton iliyotoka 1953, halafu ya Elvis Presley ya 1956. Wiki ya tatu ndipo umlete Robert Johnson kwa "Cross Road Blues", ukifuatisha bendi ya Cream walivyoipiga jukwaani mwaka 1968. Kufikia hapo ule mkwaruzo hautawasumbua.

Jambo moja la kulisimamia kwa ukali: maneno yasemwe kabla ya wimbo, sio wimbo ukiwa unaendelea. Jina, mwaka, na kitu kimoja cha kusikiliza. Ukitaja vitu vitano hawatasikia hata kimoja.

Mimi na rafiki yangu tunagawana hedifoni, kila mtu sikio moja. Nyimbo za zamani za roki, mimi nasikia waimbaji tu na yeye vyombo tu. Simu imeharibika?
*Msomaji, Kirumba*

Simu ni nzima. Rekodi nyingi za miaka ya 1960 zilipotengenezwa kwa njia mbili, waimbaji waliwekwa upande mmoja na vyombo upande wa pili. Albamu ya kwanza ya Beatles ya 1963 iko hivyo hasa. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Ufikivu, tafuta sauti ya mono, uiwashe. Pande zote mbili zitachanganywa na kila sikio litapata wimbo mzima. Mkimaliza izime, kwa kuwa zipo nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya pande mbili: ile sehemu ya katikati ya "Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin, sauti zinapotembea kutoka sikio hili hadi lile, kwenye mono haina maana.

Dalili hiyohiyo mkiikuta kwenye sabufa, kagueni waya. Spika moja iliyochomoka hufuta gitaa zima bila mtu kujua.

Nimepanga nyimbo kwenye flashi kwa mfuatano ninaotaka, lakini sabufa inazipiga ovyo. Flashi nyingine ya GB 64 haisomi kabisa.
*Msomaji, Igoma*

Tuanze na hiyo isiyosoma. Flashi za GB 64 kwa kawaida hutoka dukani zikiwa na mfumo wa exFAT, na sabufa nyingi zinajua FAT32 peke yake. Nunua ya GB 16 au 32, ichomeke kwenye kompyuta, bofya kulia, chagua Format, kisha FAT32. Kila kilichomo kitafutika, kwa hiyo hamisha nyimbo zako kwanza.

Kuhusu mfuatano, sabufa nyingi hazisomi majina kwa alfabeti. Zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliingia kwenye flashi. Ukiburuta folda nzima kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuyaingiza inavyotaka yenyewe. Yape majina yanayoanza na 01, 02, 03, futa flashi kwa kufomati upya, kisha nakili faili moja moja kwa zamu. Ukitaka kuongeza wimbo katikati baadaye, itakubidi ufute na kunakili upya. Kuubandika tu kutaupeleka mwisho. Kwenye jina weka pia mwimbaji na mwaka, ili unayempa flashi asibaki na "Track 07" asiyejua ni ya nani.

Aina ya faili iwe MP3. FLAC na M4A zinakataliwa na sabufa nyingi. MP3 ya kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) hula MB 2.4 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne ni kama MB 9.6, na GB 16 zinakutosha kabisa. Kuna mazoea tunayoyakuta sana: faili ya kbps 128 inageuzwa kuwa 320 ili "iwe safi". Haiwi safi. Kilichokwisha kutupwa hakirudi, faili inanenepa tu, na kila ugeuzaji unapunguza kidogo kilichobaki. Matoazi ndiyo hutangulia kuharibika. Ukisikia yanachuruzika kama maji, faili imeshageuzwa mara nyingi.

Na tafadhali, msirekodi wimbo kwa kushikilia simu mbele ya spika kisha kutuma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Njia ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, na gitaa la umeme linatoka likiwa limesagika. Tuma faili lenyewe kama hati, au tuma jina la wimbo na mwenzako autafute kwenye huduma yake.

Sabufa yangu inapiga singeli na amapiano vizuri sana. Nikiweka bluzi inakuwa mvumo tu, maneno hayasikiki.
*Msomaji, Buzuruga*

Besi yako iko juu mno kwa muziki huu. Uzi mnene wa gitaa hutoa sauti ya takriban Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la besi Hz 41. Hapo ndipo sabufa imetegeshwa kuvuma, wakati uhai wa bluzi, yaani sauti ya mtu, gitaa na hamonika, uko juu zaidi. Shusha besi hadi robo, trebo iweke katikati, kisha ongeza besi kidogo kidogo mpaka usikie gitaa la besi likitembea noti kwa noti. Ukianza kusikia mvumo mmoja usio na noti, rudi nyuma. Rekodi za miaka ya 1930 hazina besi ya chini hata uiongeze vipi. Utaongeza ngurumo ya mashine.

Halafu tazama boksi lilipokaa. Likiwa kwenye kona ya chumba cha saruji, kuta mbili na sakafu zinakuza besi maradufu. Livute nusu mita hadi mita moja kutoka ukutani. Piga kofi moja katikati ya chumba. Likirudi na mlio wa bati, tundika kitenge kizito au blanketi ukuta unaotazamana na spika. Barazani mambo yanageuka, kwani hakuna kuta za kushika besi na upepo wa ziwa wa mchana huchukua trebo. Huko geuza spika ziwatazame wasikilizaji kwa karibu, mita mbili au tatu.

Kama spika zako ni za vibanio vya waya, hakikisha nyekundu imeingia nyekundu na nyeusi nyeusi pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na mwimbaji anasikika kana kwamba yuko nje ya chumba. Jaribu kugeuza waya za spika moja tu. Sauti ikijaa, umepata kosa.

Jambo la mwisho hapa: rekodi za zamani ziko chini kwa sauti kuliko za siku hizi, na mkono wako utashinda kwenye kitufe. Programu ya bure iitwayo MP3Gain husawazisha ukubwa wa sauti ya mafaili bila kuyageuza upya. Iache kwenye dB 89 inayokuja nayo.

Shikamooni. Nimeachiwa sanduku la santuri na marehemu babu, nyingine nzito na ngumu kama sahani. Nitaziwekaje kwenye simu ili ndugu wengine wasikie?
*Msomaji, Ukerewe*

Marahaba, na pole kwa msiba. Zile nzito ni za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa shelaki. Zikianguka zinavunjika, na spiriti inaziyeyusha. Zifute kwa kitambaa laini chenye maji yaliyochujwa kidogo, kufuata mduara, bila kulowesha karatasi ya katikati, na usitumie spiriti hata tone. Nyepesi zinazopinda kidogo ni za vinaili, mizunguko 33 na theluthi au 45.

Usitumie sindano moja kwa zote. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano ya kawaida inazama hadi chini na kuleta kelele tupu. Tafuta fundi mwenye sindano ya 78, au anza na zile za vinaili. Uzito wa mkono wa sindano kwa vinaili huwa karibu gramu 1.5 hadi 2. Fuata karatasi ya sindano yenyewe. Uzito mdogo kupita kiasi nao unaharibu, kwa sababu sindano inarukaruka na kuchubua kuta za mfereji.

Kati ya mashine na kompyuta lazima kiwepo kikuza sauti cha santuri, kama mashine haina chake ndani. Besi hupunguzwa makusudi santuri inapochongwa, na kifaa hicho ndicho kinachoirudisha. Bila hicho utapata sauti nyembamba na ndogo. Rekodi kwa programu ya Audacity, Hz 44,100, biti 16, sehemu yenye kelele zaidi isizidi dB -6. Rekodi upande mzima kisha ukate nyimbo. Faili ya WAV ni kama MB 10 kwa dakika, upande wa dakika 20 ni MB 200. Weka hiyo kama akiba, na MP3 ndiyo uwatumie ndugu.

Sanduku lenyewe likae mbali na dari la bati. Santuri zisimame wima, zisilaliane.

Ni kweli Freddie Mercury wa Queen ni mzaliwa wa Zanzibar?
*Msomaji, Mkolani*

Kweli. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina Farrokh Bulsara. Alisoma India, na familia ilihamia Uingereza mwaka 1964.

Nina mgahawa mdogo Capri Point. Nataka Alhamisi ziwe za bluzi na roki. Kuna ruhusa ya kuomba?
*Msomaji, Mwanza*

Ipo. Kusikiliza nyumbani na wenzako ni jambo moja, kupiga muziki mahali pa biashara ni jingine, na linahitaji leseni ya hakimiliki hata kama nyimbo ni za nje na umezinunua. Anza kwa kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya Alhamisi ya kwanza. Kisha uliza halmashauri kuhusu saa na kelele, kwa sababu sauti husafiri mbali juu ya maji usiku, na anayelalamika anaweza kuwa upande wa pili wa ghuba. Kwa wateja wanaokula, weka nyimbo za taratibu hadi saa tatu usiku, na kwenye kila meza acha karatasi yenye majina ya nyimbo kumi za jioni hiyo pamoja na miaka yake.