Kushusha volti 12 hadi 5 kwa chaji ya simu, mtumbwini na mwaloni

Betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikiwa kwenye chaji ya sola hupanda hadi 14.4, na alfajiri, baada ya taa za dagaa kuwaka usiku kucha, huwa imeshuka kwenye 11 na kitu. Kwa hiyo anayetafuta kipunguza volti cha kuchajia simu, iwe kwa mtumbwi wa Igombe au kibanda cha Kirumba, Mwanza, aanze kuuliza kinavumilia volti ngapi za kuingia, ndipo aulize ampea.

Vipunguza volti vingi vya dukani ni moduli, yaani bodi ndogo yenye chipu ya LM2596 au MP1584. LM2596 mwisho wake ni volti 40, MP1584 ni 28. Kwa betri ya 12 zote zinafaa. Kwa mfumo wa 24 achana na MP1584, maana betri hizo zikichajiwa hufika 28.8. Na usifunge moja kwa moja kwenye paneli kubwa: yenye seli 72, ikiwa haina mzigo, hutoa volti 44 au zaidi, na LM2596 itakufa asubuhi ya kwanza. 7805, chipu ya miguu mitatu inayoshusha volti kwa kuzigeuza joto, ni rahisi kufunga lakini haifai hapa. Kwa ampea 1 huunguza wati 7 ili simu ipate 5.

Ampea 3 zilizoandikwa kwenye moduli, zihesabu kama 2. Ukitoa ampea 2, simu zinapata wati 10 na kama wati 2.5 zinabaki kuwa joto. Ukiiweka moduli ndani ya kopo la plastiki, kopo lililofungwa na kuachwa juani halina pa kulitolea joto hilo.

Vifaa vinavyoizunguka chipu ya LM2596 ndivyo vinavyoamua maisha yake. Koili iwe ya maikrohenri 33 na ibebe walau ampea 4. Koili nyembamba hushiba sumaku, haizuii tena mkondo, mkondo unaruka juu, chipu inaungua. Dayodi iwe ya Schottky, aina inayojifunga haraka: 1N5822 au SS34. Usiweke 1N4007 eti kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Ni nzito kujifunga kwa kasi ya kilohezi 150, ambayo chipu hujiwasha na kujizima kwayo, hivyo huchemka. Kapasita ya kuingilia iwe maikrofaradi 470 ya volti 50, ya kutokea 220 ya volti 25, zote za ukinzani mdogo. Kuna chipu za bei ya chini zenye jina la LM2596 zinazokimbia karibu kilohezi 50. Hizo zinataka koili kubwa zaidi, na ile ya 33 hupata moto bila sababu inayoonekana.

Sasa kile kiboksi cha bluu chenye skrubu ndogo ya shaba, ambacho hurekebisha volti za kutokea. Kabla ya kuchomeka simu, weka testa kwenye matokeo, yaani upande wa kutokea volti, na uzungushe skrubu kinyume cha saa. Mara nyingi unaweza kuzungusha mizunguko kumi na zaidi kabla namba haijasogea, na hapo wengi hudhani ni kibovu. Ikifika 5.1, acha. Lakini kwa mtumbwi hatushauri kukibakiza: mtikisiko na unyevu vikikata mguso wake, matokeo hupanda hadi karibu na volti za betri, na simu zote zilizochomekwa zinakufa pamoja. King'oe, pamoja na risista inayotoka mguu wa nne wa chipu kwenda hasi. Mahali pa risista hiyo weka ya kilo-omu 1, na kutoka mguu huohuo kwenda matokeo weka risista za kilo-omu 3 na omu 100 kwa mfululizo. Utapata volti 5.04, hakuna cha kuzunguka.

Moduli ikae karibu na simu, waya mrefu uwe upande wa betri. Mita 5 za waya wa milimita za mraba 0.5, ukipitisha ampea 2 za volti 5, hula volti 0.7, simu inabaki na 4.3 na haichaji vizuri. Fyuzi ya ampea 2 iwe jirani na nguzo chanya ya betri. Ziba bodi kwa silikoni isiyonuka siki, kwani inayonuka hula shaba, na tundu zozote za kopo zielekee chini na ziwe na wavu, vinginevyo wadudu wa ziwani wanaofuata taa watazijaza.

Kujaribu, funga kwenye matokeo risista mbili za omu 4.7, wati 10, sambamba, kwa nusu saa. Volti zisishuke chini ya 4.9. Koili ikiunguza kidole kabla ya chipu, ibadilishe kabla ya kupeleka ziwani.