Wijeti za Blogu: Weka Zile Anazozihitaji Msomaji

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kile kisanduku cha makala zinazosomwa zaidi umekiwekaje? Blogu yangu imekaa tupu." Nilifurahi, maana katika yote niliyoyafanya kwenye blogu hii, kisanduku hicho ndicho ninachojivunia zaidi. Tangu nikiweke, mtu aliyekuja kwa makala moja husoma ya pili, mara nyingi na ya tatu. Basi namjibu hapa ili nanyi wengine mnaotaka kusomwa mfaidike.

Wijeti ni kipande kidogo chenye kazi yake, kinachokaa nje ya makala: pembeni, juu, au chini kabisa ya ukurasa. Ipo ya kutafuta, ipo ya kuorodhesha makala mpya, ipo ya kuonyesha mada au picha yako na maneno machache kukuhusu. Unaipachika mara moja, nayo inatokea kwenye kurasa zote bila wewe kugusa makala hata moja. WordPress, programu maarufu ya kuendeshea blogu, iliziingiza rasmi ndani yake mwaka 2007, katika toleo la 2.2.

Kuziongeza si kazi. Kwenye Blogger, huduma ya blogu ya Google, ambako huitwa gajeti, ingia sehemu ya Mpangilio, chagua mahali, ongeza, hifadhi. Ile ya makala maarufu ipo tayari, na unaweza kuamua ihesabu siku 7 zilizopita, siku 30, au muda wote. Kwenye WordPress nenda Mwonekano, kisha Wijeti. Ya makala maarufu haiji na WordPress yenyewe, kwa hiyo utahitaji programu jalizi (plugin), yaani programu ndogo ya nyongeza. Na kama mandhari yako (theme, yaani muundo unaoipa blogu sura yake) ni yale mapya yanayojengwa kwa vipande viitwavyo bloku, menyu ya Wijeti hutaiona kabisa. Usihangaike, blogu haijaharibika: fungua Kihariri, uweke bloku unayoitaka humo humo kwenye kiolezo, yaani ramani ya ukurasa.

Sasa niseme linaloniuma. Nilipoanza, nilimlipa mtu anipambie blogu. Akanijazia pembeni saa, kalenda, hali ya hewa, kihesabu cha wageni na vitufe vya kila mtandao wa kijamii. Ukurasa ukawa mzito, unafunguka kwa kusuasua. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba mambo haya wanawake hatuyawezi, nimwachie yeye. Neno lile sijalisahau mpaka leo. Nilikaa chini nikajifunza mwenyewe, na nilichokikuta ni hiki: wijeti nyingi za nje huvuta msimbo wa JavaScript, yaani maelekezo ambayo kivinjari huyatekeleza, kutoka kwenye seva (kompyuta za mtandaoni) za watu wengine. Kila ukurasa unapofunguliwa, kivinjari cha msomaji hulazimika kwenda kuuchukua huko. Seva ile ikichelewa, kipande hicho kinachelewa, na wakati mwingine ukurasa mzima unakisubiri. Tena mwenye wijeti anaweza kutumia mlango huo huo kufuatilia wasomaji wako. Wewe umempa ruhusa, msomaji hakuulizwa.

Nikaanza kuziondoa moja baada ya nyingine, kila mara nikipima kwa PageSpeed Insights, kifaa cha bure cha Google. Google wanataka kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Zilipobaki chache tu, blogu yangu ikapumua.

Ndugu zangu, tuwaheshimu wasomaji. Kabla ya kuongeza wijeti, jiulize inamsaidia nini mtu aliyekuja kusoma. Kihesabu cha wageni kinakufurahisha wewe, yeye hakimhusu. Saa anayo kwenye simu yake. Na kwa kuwa anasoma kwa simu, kumbuka kwamba katika mandhari nyingi vya pembeni hushuka chini ya makala. Ndiyo maana makala maarufu zinafaa kukaa hapo: anamaliza kusoma, anakutana nazo. Sehemu ya kutafuta ukiiacha pembeni hakuna atakayeiona, ipandishe juu.

Zikague pia mara kwa mara. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019, na vitufe vyake vikafa. FeedBurner, huduma ya Google ya kusambaza makala za blogu, iliacha kuzituma kwa barua pepe mwaka 2021, na fomu zilizoitegemea zikabaki pambo. Mtu anaandika anwani yake kwa moyo mmoja, halafu hapokei kitu. Usimfanyie hivyo mtu aliyekuamini.

Na siku ukitaka kubadilisha mandhari, kwanza nakili msimbo wote uliowahi kuubandika kwa mkono, uuhifadhi kwenye faili lako. WordPress huziweka wijeti zilizokosa nafasi kwenye kundi la zisizotumika, kwa hiyo tazama huko kabla hujaanza kuziunda upya.