Ubuddha: ni dini au falsafa?

Ndugu, umeuliza iwapo Ubuddha ni falsafa tu, kwa kuwa haumwabudu Mungu muumba. Swali lako linachukulia kwamba pasipo Muumba hapana dini, na hapo natofautiana nawe, maana kipimo hicho kimetokana na dini tulizozizoea.

Ni kweli kwamba Buddha alikataa kujibu baadhi ya maswali makubwa, kama vile iwapo ulimwengu ni wa milele. Alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, ambaye hakubali kung'olewa mshale huo mpaka aambiwe jina na ukoo wa aliyemlenga, aina ya upinde, na manyoya ya mshale yametoka kwa ndege gani. Mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Hayo yananukia falsafa, tena ya vitendo.

Lakini ingia katika Hekalu la Jino mjini Kandy, Sri Lanka, linakohifadhiwa jino linaloaminiwa kuwa la Buddha: utawakuta waumini wamevua viatu, wakiweka maua na kukariri maneno ya kujikabidhi kwa Buddha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya watawa. Watawa wa kiume wa Theravada, mojawapo ya matawi makuu ya Ubuddha, nao hufuata kanuni 227. Kwangu mimi hiyo ni dini, ingawa ina falsafa nzito ndani yake.

Katika swali hili la dini au falsafa, mafundisho ya Confucius, mwanafikra wa China ya kale, ndiyo yanayonitatiza zaidi, kwa sababu mwenyewe alishughulikia hasa maadili na utawala, ilhali mahekalu ya kumuenzi yapo hadi leo.