Kwa nini Buchanan hakumfukuza tu Waziri wake wa Vita

Mkuu, umeuliza kwa nini Rais Buchanan wa Marekani, vita ikinukia Desemba 1860, alimwomba Waziri wa Vita John Floyd ajiuzulu badala ya kumtimua siku hiyo hiyo. Nimefundisha historia miaka mingi, ila kisa hiki nilikuja kukielewa nikiwa katibu wa SACCOS yetu ya walimu.

Tarehe 20 jimbo la South Carolina lilijitoa kwenye muungano wa majimbo ya Marekani. Siku chache baadaye Washington ikagundua wizi. Floyd alikuwa na mazoea ya kuwasainia wasafirishaji wa mizigo ya jeshi, Russell, Majors na Waddell, hati za malipo kwa kazi ambayo hawajaifanya. Zilipokosa wa kuzipokea, karani wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Godard Bailey, mwenye undugu wa ndoa na Floyd, akamkabidhi Russell hatifungani za mfuko wa makabila ya wenyeji asilia akaziweke rehani. Zilikuwa za dola 870,000. Mali ya watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi! Hapo huwa naumia kila ninapofundisha.

Buchanan hakumwita Floyd ana kwa ana. Alimtuma Makamu wa Rais, Breckinridge, kwa kuwa ni ndugu wa Floyd, akamwambie aandike barua ya kujiuzulu. Floyd akakaa kimya.

Na mimi nilitumwa hivyo hivyo. Mweka hazina wetu alikuwa mjomba wangu, na marejesho ya mikopo yalikuwa hayalingani na stakabadhi. Mwenyekiti akaniambia, "Wewe ni mpwa wake, kamwambie kistaarabu." Nilimkuta barazani anamenya chungwa. Shikamoo, marahaba, nikasema nililotumwa. Hakuinua macho. Ganda lilishuka refu bila kukatika mpaka likagusa sakafu, kisha akanikatia kipande. "Nimekusikia, mjomba. Nipeni muda mpaka mkutano mkuu." Nikakubali, na muda ule haukuwa wangu wa kuutoa.

Kwenye mkutano mkuu kulikuwa na ajenda ya kupandisha riba. Mjomba akasimama, akasema hawezi kukaa kwenye bodi inayowakamua walimu, akaweka barua mezani. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wakiwemo wenye akiba zilizopotea. Daftari lenye ushahidi lilikuwa kwenye mkoba miguuni pangu, na sikulitoa.

Floyd naye alipata kisingizio chake, kama mjomba alivyopata riba. Usiku wa tarehe 26 Meja Anderson wa jeshi la serikali alihamishia askari wake ngome ya Fort Sumter, katika bandari ya Charleston, South Carolina. Floyd akadai serikali imevunja ahadi yake kwa watu wa Kusini, akataka askari waondolewe kabisa. Alipokataliwa, tarehe 29 akajiuzulu kama mtu wa msimamo. Habari ya fedha haikuwemo kwenye barua.

Kwa maoni yangu Buchanan aliogopa kuonekana anamfukuza mtu wa Virginia wakati jimbo hilo bado limo ndani ya muungano. Baraza lake lilikuwa linamomonyoka: Cobb wa Hazina alishaondoka kwa kuwa upande wa Kusini, na Cass wa Mambo ya Nje aliondoka kwa sababu Rais alikataa kuziongezea nguvu ngome za Charleston. Hofu hiyo naielewa. Lakini angalia ofisi aliyoachiwa Floyd siku zile zote. Amri yake ya kupeleka mizinga mikubwa kutoka Pittsburgh kwenda ngome za Kusini ambazo ujenzi wake haujaisha ilikuwa bado hai. Ni wananchi wa Pittsburgh waliopiga kelele, na Joseph Holt, aliyemrithi, akaifuta.

Floyd akawa jenerali wa Kusini, yaani wa majimbo yaliyojitoa. Februari 1862, ngome yao ya Fort Donelson ilipozingirwa, aliacha uongozi kwa mwenzake akatoroka kwa meli ya mvuke pamoja na askari wake wa Virginia. Mwezi uliofuata Jefferson Davis, rais wa Kusini, akamwondoa kwenye uongozi, na safari hii hakuombwa barua.