Maswali ya wasomaji: NOLOCK, ROWLOCK na mpango wa hoja

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu vidokezo vya kufuli kwenye SQL Server, yaani maneno unayoongeza kwenye hoja (query) kuiambia hifadhidata ifunge data vipi. La mwisho ni la PostgreSQL na MySQL.

Swali: Nimeweka NOLOCK (soma bila kusubiri makufuli) kwenye hoja zote za ripoti. Zinakimbia vizuri, ila nikiendesha ripoti ileile mara mbili mfululizo, jumla inatofautiana. Data ni ya mwaka jana na hakuna muamala unaoghairiwa. Je, kidokezo kinabadilisha mpango wa hoja, yaani hatua ambazo hifadhidata imechagua kuitekeleza?

Jibu: Mpango unaouona kwenye skrini unaweza kubaki uleule. Kinachobadilika ni namna injini ya hifadhi inavyousoma, na hapo ndipo hesabu yako inapoharibika.

Fungua mpango, bofya kiendeshi cha Scan (hatua ya kupekua jedwali au faharasa), tazama sifa ya Ordered. Ikiwa ni False, na faharasa (index) ina zaidi ya kurasa 64, NOLOCK inaipa injini ruhusa ya kuacha mfuatano wa funguo na kusoma kurasa kwa jinsi zilivyogawiwa kwenye faili. TABLOCK, inayofunga jedwali zima, nayo inatoa ruhusa hiyo, lakini kwa usalama, maana wakati huo hakuna mwingine anayeandika. Chini ya NOLOCK wenzako wanaendelea kuandika. Ukurasa ukijaa hugawanywa, na karibu nusu ya mistari yake huhamia ukurasa mpya. Ukurasa huo ukiangukia mbele ya msomaji, mistari iliyokwisha kuhesabiwa inahesabiwa tena. Ukiangukia nyuma yake, mistari ambayo hajaifikia inarukwa. Ni mistari iliyothibitishwa zamani, kwa hiyo kutokuwapo kwa muamala ulioghairiwa hakukukingi. Wakati mwingine hoja inakatika kwa kosa namba 601, kwamba usomaji umeshindwa kuendelea kwa sababu data imehama. Hilo tunalipenda zaidi kuliko jumla ya uongo, maana angalau linapiga kelele.

Kasi uliyoipata huenda imetokana na kutosubiri makufuli ya wengine. Kama shida ni kusubiri, washa usomaji wa matoleo ya mistari, ambapo msomaji hupewa toleo lililothibitishwa badala ya kumsubiri mwandishi:

```
ALTER DATABASE Mauzo SET READ_COMMITTED_SNAPSHOT ON;
```

Amri hii inataka muunganisho wako uwe wa pekee kwenye hifadhidata hiyo. Vinginevyo itakaa ikisubiri. Kila mstari unaobadilishwa utabeba baiti 14 za ziada, na kwa kawaida matoleo ya zamani yatawekwa tempdb (hifadhidata ya muda ya SQL Server), kwa hiyo chunga miamala inayokaa wazi saa nyingi. Kisha ondoa NOLOCK zote. Zikibaki, kidokezo kinashinda mpangilio wa hifadhidata na utaendelea kusoma data chafu, yaani isiyothibitishwa. Pitia pia triga (trigger) zinazokagua kanuni kwa kusoma jedwali jingine: kama zilitegemea msomaji amsubiri mwandishi, ziwekee READCOMMITTEDLOCK, inayorudisha usomaji wa kusubiri makufuli.

Swali: UPDATE yangu ina ROWLOCK (funga mstari mmoja mmoja), lakini bado jedwali zima linafungwa. Je, kiboreshaji (optimizer, kinachochagua mpango) kinapuuza kidokezo?

Jibu: Hakijapuuzwa. ROWLOCK inaamua makufuli yaanze kwa ukubwa gani, haizuii kupandishwa. Tamko moja likifikisha makufuli yapatayo 5,000 kwenye jedwali au faharasa moja, injini inajaribu kuyabadilisha yote kuwa kufuli moja la jedwali, bila kupitia ngazi ya ukurasa. Ikishindwa kwa sababu mtu mwingine ameshika kufuli linalopingana, inaendelea na kujaribu tena kila yanapoongezeka 1,250. Kwa hiyo kidokezo chako kinaweza hata kukuponza: bila hicho, injini ingeweza kuanza na makufuli ya kurasa, ambayo ni machache, na isifike kikomo.

Gawa kazi mafungu:

```
WHILE 1 = 1
BEGIN
  UPDATE TOP (2000) Oda SET Hali = 'K'
  WHERE Hali = 'S' AND Tarehe < '20240101';
  IF @@ROWCOUNT = 0 BREAK;
END
```

Usizungushie kitanzi hiki BEGIN TRAN moja, maana makufuli ya mafungu yote yatashikiliwa hadi mwisho na utakuwa umerudi ulikotoka. Na pasipo faharasa kwenye Hali na Tarehe, kila fungu litapekua jedwali upya.

Ukikutana na kosa namba 651 baada ya kuweka ROWLOCK au PAGLOCK (kufuli la ukurasa), kuna aliyezima ukubwa huo wa kufuli kwenye faharasa. Angalia ALLOW_ROW_LOCKS na ALLOW_PAGE_LOCKS.

Swali: Tunakagua kama namba ya ankara ipo, isipokuwepo tunaiingiza. Tumeweka UPDLOCK kwenye SELECT ndani ya muamala, lakini bado tunapata kosa 2627 la ufunguo kujirudia.

Jibu: UPDLOCK inafunga mstari uliopo. Ankara ambayo haijaingizwa haina mstari wa kufungwa, kwa hiyo miamala miwili inaona patupu na yote inaingiza. Ongeza HOLDLOCK ili nafasi kati ya funguo nayo ifungwe:

```
SELECT 1 FROM Ankara WITH (UPDLOCK, HOLDLOCK)
WHERE Namba = @n;
```

Hapa njia aliyoichagua kiboreshaji ndiyo inayoamua gharama. Kukiwa na faharasa kwenye Namba, Seek (kwenda moja kwa moja kwenye ufunguo) inafunga pengo moja dogo. Pasipo faharasa, Scan inafunga kila kilichosomwa hadi muamala uishe, na ofisi nzima inasimama. Kizuizi cha upekee kiache palepale hata baada ya marekebisho haya.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: kufuli la mstari huwekwa kwenye faharasa iliyosomwa. Hoja moja ikitoshelezwa na faharasa ya pembeni (nonclustered), na nyingine ikipitia faharasa ya klasta (clustered, yenye mistari yenyewe), zote mbili zinaweza kupata UPDLOCK kwa mstari uleule bila kukutana, kisha zikagombana baadaye kwenye UPDATE. Na kama mpango haugusi jedwali kabisa, mathalani kwa kuwa kiboreshaji kimesoma mwoneko (view) wenye faharasa badala yake, kidokezo cha jedwali hilo hakifanyi kazi. OPTION (EXPAND VIEWS) inazuia hilo.

Swali: Nimeshika mstari kwa XLOCK (kufuli la pekee) na ROWLOCK, lakini mwenzangu anausoma bila kusubiri. Inawezekanaje?

Jibu: Katika READ COMMITTED, kiwango cha kawaida cha utenganisho wa miamala, injini inaweza kuruka kufuli la kusoma la mstari ikijua ukurasa hauna badiliko lisilothibitishwa. Wewe umefunga bila kubadilisha kitu, kwa hiyo haoni sababu ya kungoja. PAGLOCK pamoja na XLOCK itamzuia, kwa gharama ya kufunga majirani. Kama lengo ni kupeana zamu tu, sp_getapplock (kufuli linaloombwa na programu yenyewe) ni safi zaidi.

Swali: Kuna kidokezo cha kufuli kinachoboresha mpango wenyewe?

Jibu: TABLOCK kwenye INSERT ... SELECT. Tangu SQL Server 2016, kwa kiwango cha upatanifu 130, uingizaji kwenye jedwali lisilo na faharasa yoyote unaweza kufanywa sambamba, ila TABLOCK iwepo. Kwenye mpango utaona Table Insert iko kulia kwa Gather Streams, hatua inayokusanya kazi iliyofanywa sambamba. Ikiwa kushoto, anaandika mmoja tu. Hali ya urejeshaji (recovery model) ya hifadhidata ikiwa SIMPLE au BULK_LOGGED, maandishi ya logi nayo yanapungua sana.

Swali: Natumia PostgreSQL na MySQL. Haya yananihusu?

Jibu: Vidokezo hivyo havipo, lakini FOR UPDATE mwishoni mwa SELECT inafanya kazi ya jirani. Kwenye PostgreSQL inaongeza hatua ya LockRows na kuondoa uwezekano wa mpango sambamba. Ukiiweka ndani ya hoja ndogo isiyo na WHERE, sharti la hoja ya nje linaweza kutumika ndani yake, na mistari inayofungwa ikawa michache kuliko hoja ndogo inavyoonyesha. Kwenye InnoDB, injini ya hifadhi ya MySQL, katika kiwango chake cha kawaida cha utenganisho, hufungwa kila rekodi ya faharasa iliyopekuliwa, hata zisizolingana na sharti, kwa hiyo endesha EXPLAIN (inayoonyesha mpango) kwanza. Kwa foleni za kazi tumia SKIP LOCKED (ruka mistari iliyofungwa), iliyopo tangu PostgreSQL 9.5 na MySQL 8.0, kwenye SQL Server mwenzake ni READPAST.